Mume Aliyekwenda Kununua Sinki

Mtaani walimwita Mama Sinki, na jina hilo hakulipata kwa jambo la heri.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alifunga masinki, vyoo na matangi katika nyumba za watu mji mzima, lakini nyumbani kwake vyombo vilioshewa kwenye beseni lililowekwa sakafuni. Aliyeviosha ni mkewe, dobi wa hospitali, ambaye mgongo wake ulikuwa umeshapindika kutwa nzima juu ya mashuka ya wagonjwa. Na mwanamke huyo alikuwa na mdomo. Asubuhi moja ya msimu wa mvua akauachia wote.

"Wake za wenzako wanaosha vyombo wamesimama," alimwambia, "mimi nachuchumaa kama chura. Leo usiporudi na sinki, usirudi kabisa!"

Fundi akacheka. Akamfinya shavu binti yao, aliyekuwa mezani anapambana na mkate kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, akamwambia, "Mama yako leo hana breki." Akaenda kuwasha pikapu yake, ikakohoa, ikakohoa tena, ikakubali. Akaondoka. Hakurudi.

Siku za kwanza mkewe alihangaika roho mkononi. Alikwenda hospitali zote, kuanzia ile aliyofanyia kazi. Aliuliza kwa mafundi wenzake. Alikwenda polisi, na askari wa zamu alikuwa ameanza kuandika maelezo yake vizuri tu, mpaka mwenzake alipomnong'oneza jambo sikioni. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba msusi mwenye kibanda pembeni ya barabara, ambaye Fundi alimtengenezea bomba mara mbili, naye kibanda chake kilikuwa kimefungwa wiki ileile na haonekani. Yule askari akaweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "huyo hajapotea. Huyo amehama."

Basi ikawa hivyo. Mtaa mzima ukajua kwamba Fundi ameingia mitini na msusi. Watu wakaanza hata kuifanya mzaha: mtu akiulizwa fulani yuko wapi, na fulani hapatikani, jibu lilikuwa, "Kaenda kununua sinki." Mwenyewe alipolisikia jina la Mama Sinki kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akajifungia. Alipolisikia kwa mara ya mia aliitika.

Alilia mpaka akakauka, kisha akakasirika, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Spana za Fundi na mashine ya kukatia mabomba alimpa muuza vyuma chakavu. Mashati yake aliyachana yakawa matambara ya kupigia deki. Wifi yake, dada wa Fundi, alimjia juu siku hiyo: "Ulimi wako ndio uliomfukuza kaka yangu!" Naye akajibu kwa ulimi uleule, na tangu hapo hawakusemezana. Binti alikua akiambiwa ukweli kama ulivyojulikana. Alipoolewa, aliyesimama mahali pa baba ni mjomba wake, na mpiga picha alipouliza baba wa bibi harusi asimame wapi, binti alijibu, "Sina."

Miaka ikasonga, karibu ishirini. Mama Sinki akastaafu udobi, na mara tu alipoacha kusimama kutwa, presha ikampanda. Daktari akamwambia atembee. Atembee wapi, aliuliza, sokoni na kurudi? Daktari akamwelekeza hifadhini.

Hifadhi yenyewe ilikuwa mwisho wa mji. Zamani palikuwa machimbo ya mchanga, mashimo makubwa yaliyofurika msimu wa mvua, na barabara ya udongo ya kuingilia mjini ilipita juu ya tuta katikati ya mashimo hayo. Daraja jipya lilipojengwa upande wa pili, barabara ile ikaachwa, ikaota nyasi. Maji yakabaki mashimoni mwaka mzima, matete yakasimama, ndege wakahamia, na mwishowe serikali ikapazungushia uzio na kupaweka mhifadhi, mwanamke mwembamba asiyevua kofia. Jumamosi asubuhi kulikuwa na matembezi ya bure kwa yeyote anayetaka kuonyeshwa ndege na mimea, na mara moja moja wajitoleaji walikusanyika kupanda miti, kuokota taka au kung'oa magugu.

Mama Sinki alikwenda kwa ajili ya presha, akabaki kwa ajili ya kenge. Siku yake ya kwanza kenge mmoja mnene alikatiza njia bila haraka, na wageni wote wakapiga kelele isipokuwa yeye, aliyesema, "Huyu anatembea kama metroni wangu wa hospitali." Watu walicheka mpaka wakashikana. Mhifadhi aliona kipaji. Kabla mwaka haujaisha Mama Sinki alikuwa na buti za mpira, kofia ya kijani na kundi lake mwenyewe la kuongoza kila Jumamosi. Aliwafundisha watu kumtofautisha korongo na kijiti kilichosimama majini, na kunyamaza mahali pa kunyamaza. Jina lake lilimfuata hadi huko, ila wageni walidhani anaitwa hivyo kwa sababu anawalazimisha kunawa mikono.

Mahali alipopapenda zaidi ni kwenye bwawa kubwa. Hapo palijengwa jukwaa la mbao lililoingia kidogo juu ya maji. Aliwapumzisha watu hapo, akafungua chupa yake ya chai na mayai ya kuchemsha. "Msiegemee sana," aliwaambia, "shimo la hapa hata wachimba mchanga walilikimbia." Bwawa lenyewe halikuonekana kama maji. Lilikuwa limefunikwa na magugu maji, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, zuri machoni, lakini linawanyima samaki hewa. Kwa hiyo mwaka ule, kiangazi kilipokuwa kikali na maji yakashuka, Mhifadhi akasema sasa ndio wakati. Akaita wajitoleaji waje walisafishe.

Walikuja wengi: wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wa benki waliovaa fulana mpya, na mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuzungumza isipokuwa kutoa amri. Afande alikuja na kamba ndefu yenye kulabu la chuma. Alilirusha katikati ya magugu, likazama, kisha watu wakaivuta kamba kwa pamoja na lundo zima likaja ukingoni likinuka. Mama Sinki alikuwa ukingoni na reki, anayapokea magugu na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

"Vuteni kama watu walioshiba!" aliwapigia kelele watu wa benki.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nusu ya bwawa ilikuwa imeshaonyesha maji yake ya kahawia pale Afande alipolirusha kulabu karibu na tuta la barabara ya zamani, na kamba ikakataa. Walivuta, ikakataa. Wakaongezeka watu, wakavuta tena, na kitu kikasogea kidogo chini ya magugu, halafu kikatokeza juu ya maji: kipande cha bomba la chuma, kimepinda, kimeshikana na kingine.

"Kitanda," alisema mmoja wa wanafunzi.

"Kitanda gani kina nguzo nene hivyo?" alijibu Afande. "Hiyo ni kerea ya gari, ya kubebea mizigo juu. Nani analeta maji hapa? Mwagieni tope litoke!"

Mtu akachota maji kwa ndoo, akaimwagia. Tope likateremka. Chini yake kulikuwa na kutu tupu, ila sehemu moja, kwenye pembe pale vyuma vilipounganishwa, palikuwa na rangi. Kijani. Siyo kijani cha majani, bali kile kijani kikali cha rangi ya kuta za shule.

Mama Sinki alisimama na reki mkononi. Aliiona rangi ile, na kwanza hakuwaza lolote. Kisha akajikuta amekaa juu ya lundo la magugu, maji baridi yakipenya kwenye sketi. Kerea ile Fundi aliichomelea mwenyewe, juu ya pikapu, ili abebee mabomba marefu. Rangi iliyobaki walipopaka kitanda cha mtoto ndiyo waliyoipaka, wao wawili, uani, na yeye alimcheka kwamba sasa pikapu inafanana na panzi.

"Mama Sinki, umeteleza?" aliuliza Mhifadhi.

"Hiyo ni yetu," alisema.

"Nini ni yenu?"

"Hiyo. Hiyo gari ni ya nyumbani."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeonyesha mwavuli wake kati ya miavuli ya wengine. Mhifadhi alimtazama, akaitazama kerea, akamtazama tena. Hadithi ya jina lake aliijua, kama kila mtu. Uso wake ukabadilika. Alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akawageukia wale wanafunzi waliokuwa wakiivuta tena kamba kwa vicheko.

"Acheni!" alisema. "Acheni kuvuta. Acheni kila kitu."

Polisi walifika, wakafuatwa na wapiga mbizi wawili na lori la kuvuta magari. Watu wakajaa kwenye tuta. Mama Sinki aliletewa kiti, hakukalia. Aliletewa maji, akaishika glasi bila kuyanywa. Mkaguzi wa polisi, kijana wa juzi tu, alimuuliza kwa upole kama ana ndugu wa kuitwa. Akampigia binti yake, aliyekuwa akifundisha shule katika mji mwingine.

"Mwanangu, njoo," alisema. "Baba yako ameonekana."

 Sauti ya binti ikaja, kavu, sauti aliyomfundisha mwenyewe. "Amerudi? Amerudi kufanya nini? Mama, usimfungulie mlango."

"Hakuondoka," alisema Mama Sinki. "Yuko bwawani. Hakuondoka, mwanangu, yuko hapa kwenye bwawa." Na hapo ndipo maneno aliyokuwa akiyasema yakamwingia, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Simu ikamtoka mkononi. Mhifadhi aliiokota, akasogea nayo pembeni, akamweleza binti yaliyobaki.

Pikapu ilitolewa mchana. Ilipanda taratibu, maji yakimwagika kila upande. Ilisikika injini ya lori peke yake. Vioo vilikuwa vimefungwa. Wapiga mbizi walikuwa wameshamweleza mkaguzi kilichomo, naye akaamuru liwekwe turubai kabla ya watu kuona. Lakini nyuma hapakufunikwa. Kwenye bodi ya nyuma, katikati ya tope na konokono, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa waya pande zote nne, kimefungwa na mtu anayejua kazi yake. Afande alipangusa kwa kiganja. Chuma cha pua kikang'aa, na tundu la kutolea maji katikati.

 Hakuna aliyethubutu hata kulitaja lile jina la mtaani.

Wifi yake alikuwa amefika. Habari zilikuwa zimeshazunguka mji, naye alikuja mbio, kanga ikimdondoka. Alipita katikati ya watu hadi mbele, akaiona pikapu, akaona ilivyoelekea kwenye lile tuta, ubavu wa gari umekunjwa pale mafuriko yalipoisukuma, pua yake ikitazama mjini.

"Alikuwa anarudi," alisema. Akamgeukia Mama Sinki. "Wifi, alikuwa anarudi nyumbani."

 Walikamatana mikono, wakabaki wameduwaa kama watoto waliopotezana na mama yao. Mama Sinki alikuwa akiwaza jambo moja tu, na lilikuwa likimpiga na kumpiga tena. Jukwaa la mbao lilikuwa pale, hatua chache tu kutoka penye lori. Alikuwa amesimama pale kila Jumamosi. Amekula mayai pale. Amewachekesha watu pale, na akiulizwa na wageni kama ana mume alikuwa akijibu, "Ninaye, ila kaenda kununua sinki," na wageni wakacheka, na Fundi yuko chini ya miguu yake, amefunga mkanda.

Wataalamu walichukua damu ya binti wakalinganisha, wakathibitisha kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakijua. Ndipo wakapewa mwili wazike.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa. Walikuja wale waliosema, na waliocheka, na yule askari wa zamani, amestaafu sasa, aliyekaa nyuma kabisa na kuondoka bila kuaga. Binti alikaa na picha ya pekee ya baba yake iliyosalia, ambayo wifi alikuwa ameificha miaka yote, akaitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mama Sinki aliwapokea watu, akawapa mkono, akaitikia pole. Ndani alikuwa mtupu. Miaka yote ile alikuwa amejiegemeza kwenye hasira, na sasa hasira imeondolewa ghafla, naye anayumba.

Baada ya kutoka makaburini, watu wakiwa wamekaa uani na vikombe vya chai, mwanamke mmoja aliingia langoni. Nywele zilikuwa nyeupe, zimesukwa vizuri sana. Hakuna aliyemtambua mpaka alipofika mbele ya Mama Sinki na kusema, "Pole, dada." Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Vikombe vilisimama hewani.

Alikuwa ni yule msusi.

"Wewe," alisema Mama Sinki.

"Mimi. Nimesoma habari gazetini nikaona nije."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kumuuguza dada yangu. Alizidiwa ghafla, nikafunga kibanda, nikasema nitarudi akipata nafuu. Kabla sijarudi, mtu wa huku akanipigia simu kwamba nisithubutu kukanyaga mtaani, nimemchukua mume wa mtu. Nikamuuliza, mume yupi? Nikacheka, nilidhani ni utani. Kuna mwanamume alikuwa anataka kunioa. Naye akasikia. Basi."

Mama Sinki alimtazama. Jina la mwanamke huyu alikuwa amelitaja kila siku kwa miaka, akioga, akifua, akipika. Alikuwa amemtengenezea nyumba kichwani, na watoto, na jiko lenye sinki. Kumbe hapakuwa na nyumba wala watoto. 

"Nimekuapiza," alisema. "Nimekuapiza sana."

"Najua. Maneno yalikuwa yananifikia."

"Kwa nini hukurudi ukasema?"

"Nani angeniamini? Ningesema sijui aliko, mngesema nimemficha." Msusi akatazama uani, akawapitia wanawake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akainamisha macho kwenye chai yake. "Sikuja kudai kitu, dada. Nilitaka unione tu. Uone nimekuja peke yangu."

Hapo Mama Sinki alilia, kwa mara ya kwanza tangu pikapu itolewe, kilio cha nguvu kilichomtoa hata binti chumbani. Hakujua anamlilia nani, Fundi, au mwanamke huyu, au yeye mwenyewe. Wifi ndiye aliyenyanyuka akaleta kiti, akakiweka karibu, akamkalisha msusi katikati ya wafiwa.

Hawakuwa marafiki baadaye, kama watu walivyotaka kuamini. Msusi alilala siku mbili, akarudi kwake, na wakati mwingine wanapigiana simu, wanaulizana hali, wanakosa la kuongeza. Wifi alirudi kuwa wifi, na anagombana na Mama Sinki kama mawifi wengine wanavyogombana, kwa mambo madogo. Binti aliandikisha jina la baba yake katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa kwanza. Mtoto anaitwa kwa jina la Fundi.

Mhifadhi alimwambia anaweza kubadilisha njia ya matembezi, isipite tena bwawani. Mama Sinki alifikiri, akakataa. Alirudi kazini mvua zilipoanza. Kwa wiki kadhaa alipita pale akiwa kimya, wageni wakidhani ndio mahali pa kunyamaza. Kisha Jumamosi moja mgeni akauliza bwawa hili lina nini, naye akasimama, akajibu bila kuzunguka: "Lilikuwa na mume wangu. Sasa lina samaki." Wageni walipigwa na butwaa. Yeye pia alishtuka kuisikia sauti yake ikisema hivyo, na anashtuka kila mara, maana analisema kila Jumamosi na bado halijawa neno la kawaida.

Jambo moja halijamwacha. Zamani, akiwa sokoni au benki, akiona kwa mbali mgongo wa mwanamume mpana wa mabega, alikuwa akiharakisha kumfuata, aone uso, amkabe, ampasulie yote aliyomwekea. Mpaka leo bado anaharakisha. Anapita watu, anawakanyaga, anaomba radhi, anafika, mtu anageuka, siye. Ndipo anakumbuka, palepale katikati ya watu, na inakuwa kana kwamba ndio kwanza ameambiwa.